Msalaba wa Bladensburg na Ukuta Usiomo Katika Katiba

Safu ya Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyeji wa Tanga, na huu ni mwaka wa sita tangu nihamie Maryland, Marekani, katika kaunti ya Prince George's. Kila siku niendapo kazini ninapita Bladensburg, ambako msalaba mkubwa wa zege umesimama katikati ya makutano ya barabara. Nilipouliza, niliambiwa kwamba ardhi ile ni ya umma na kwamba matengenezo ya msalaba huo hulipiwa kwa kodi zetu. Mimi ni Mwislamu na sina ugomvi na msalaba. Nyumbani tulikuwa jirani na kanisa, na kengele zake ndizo zilizotuamsha kwenda shule. Ninalouliza ni kwamba Wamarekani hujisifu kuwa na ukuta kati ya dini na serikali. Je, ukuta huo una mlango? Halafu binti yangu wa darasa la nane ananiambia maneno "ukuta wa utengano" yamo katika Katiba yao. Nimeisoma Katiba hiyo mwanzo hadi mwisho wala sikuyaona. Wasalaam. Msomaji wenu, Maryland.

JIBU: Ndugu yetu wa Maryland, tuanze na binti, kwa kuwa amekosea mahali ambapo hata mawakili hukosea. Hukuyaona maneno hayo kwa sababu hayamo. Kilichomo ni Marekebisho ya Kwanza, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ambayo yanalikataza Bunge la nchi hiyo kutunga sheria ya kuweka dini rasmi au ya kumzuia mtu kufuata dini yake. Ukuta aliujenga Thomas Jefferson kwa kalamu tarehe 1 Januari 1802, akiwa Rais, alipokuwa akiwajibu Wabaptisti wa Danbury, jimbo la Connecticut, waliomwandikia barua ya pongezi iliyokuwa na malalamiko ndani yake. Watu hao hawakuwa wapinga dini. Walikuwa waumini wachache katika jimbo ambalo kanisa la Congregational lilitambuliwa na sheria na kuendeshwa kwa kodi, na mtu wa kanisa jingine aliyetaka kusamehewa kodi hiyo alipaswa kupeleka cheti cha kuthibitisha kwamba anasali kwingine. Kilichowauma ni kwamba uhuru wao wa kuabudu ulihesabiwa kuwa hisani ya watawala wala si haki yao ya kuzaliwa nayo, na mwenye kutoa hisani anaweza kuikatisha siku yoyote.

Hata Jefferson hakuwa wa kwanza kuusema ukuta huo. Mwaka 1644, mhubiri Roger Williams, ambaye alikuwa amefukuzwa Massachusetts kwa sababu ya misimamo yake na kwenda kuanzisha makazi ya Providence, aliandika juu ya ukuta kati ya bustani ya kanisa na nyika ya dunia. Angalia upande aliokuwa akiulinda: alichohofia ni bustani kuingiwa na nyika, yaani kanisa kuharibiwa na wanasiasa, kuliko alivyohofia wanasiasa kutawaliwa na kanisa. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu barua nyingi tunazopokea juu ya mada hii huanza kwa kudhani kwamba ukuta huo ulibuniwa na wasioamini Mungu ili kuwanyamazisha wanaoamini, ilhali matofali yake ya kwanza yalibebwa na wahubiri, baadhi yao wakiwa wametoka jela za Virginia kwa kosa la kuhubiri bila kibali.

Je, ukuta una mlango? Unao, na ulitobolewa siku ileile ulipoinuliwa. Kwa muda mrefu Marekebisho ya Kwanza yaliifunga serikali kuu pekee, ndiyo maana Massachusetts iliendelea kulilisha kanisa kwa kodi hadi mwaka 1833. Ni mwaka 1947 ndipo Mahakama ya Juu ilipotamka kwamba marufuku ya dini rasmi inayafunga majimbo pia, na katika hukumu hiyo majaji waliyatumia maneno ya Jefferson kwa mkazo mkubwa, wakisema ukuta lazima uwe mrefu na usipitike. Kisha, kwa kura 5 dhidi ya 4, wakaruhusu wazazi wa New Jersey warudishiwe kwa fedha za umma nauli za basi za watoto waliosoma katika shule za Kikatoliki. Anayetaka kuielewa sheria ya Marekani juu ya dini na aanzie kwenye nauli hizo za basi.

Sasa tuje kwenye msalaba unaoupita kila siku. Michango yake ilianza kukusanywa mwaka 1918, ili kuwakumbuka wanaume 49 wa kaunti yako waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Fedha ziliishia njiani mwaka 1922, chama cha wapiganaji wa zamani kiitwacho American Legion kikaipokea kazi, na msalaba ukazinduliwa Julai 1925, padri wa Kikatoliki akifungua kwa sala na mchungaji wa Kibaptisti akifunga. Urefu wake ni futi 40, yaani mita 12 hivi. Fundi aliyeubuni, John Joseph Earley, alisifika kwa zege ambalo kokoto zake huachwa wazi zionekane, badala ya kufichwa chini ya lipu. Siku moja ukipata nafasi ya kuegesha gari na kuusogelea, kazi ambayo si rahisi kwa jinsi barabara zilivyouzingira, utaona katikati yake nembo ya American Legion, na chini kwenye kitako maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya ushujaa, uvumilivu, ujasiri na kujitoa. Lipo pia bamba la shaba lenye majina yale 49, ya Wazungu na ya watu weusi kwa pamoja, jambo ambalo katika Maryland ya mwaka 1925 halikuwa dogo. Maneno ya bamba hilo huwezi kuyasoma ukiwa ndani ya gari. Kinachoonekana kutoka barabarani ni msalaba, na hapo ndipo kesi ilipozaliwa.

Kwa hiyo serikali haikuujenga. Iliupokea mwaka 1961, wakati magari yalipokuwa yameongezeka na tume ya umma inayosimamia bustani na mipango ya eneo hilo ikaona ni salama zaidi kulimiliki eneo hilo lililo katikati ya barabara. Tangu hapo tume hiyo imetumia zaidi ya dola 117,000 za Marekani kwa taa na matengenezo, na mwaka 2008 ilitenga dola 100,000 nyingine kwa ajili ya ukarabati. Uliloambiwa juu ya kodi ni kweli.

Mwaka 2014 jumuiya ya American Humanist Association, pamoja na wakazi kadhaa, ilifungua kesi ikitaka msalaba uhamishwe au ubadilishwe umbo. Walishindwa mwaka 2015 katika mahakama ya kwanza, wakashinda kwenye rufaa mwaka 2017 kwa kura 2 dhidi ya 1, na tarehe 20 Juni 2019 wakashindwa moja kwa moja katika Mahakama ya Juu kwa kura 7 dhidi ya 2.

Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu, hakudai kwamba msalaba si alama ya Ukristo. Alisema kwamba mnara unapokaa miaka mingi, nia ya waliousimamisha huwa ngumu kuijua, sababu za kuutunza huongezeka, na maana yake kwa watu wa mahali hapo hubadilika; na kwamba kuung'oa baada ya miaka karibu mia moja hakutaonekana kama serikali kukaa kando, bali kama serikali kuichukia dini. Aliikumbusha pia mistari ya misalaba meupe juu ya makaburi ya wanajeshi wa Marekani huko Ulaya, ambayo baada ya vita ile iligeuka kuwa picha ya msiba wenyewe katika macho ya watu. Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiungwa mkono na Jaji Sonia Sotomayor, alikataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kushikika: msalaba ni alama kuu ya Ukristo, katika makaburi yaleyale Wayahudi waliokufa waliwekewa nyota ya Daudi juu ya vichwa vyao, na kama nyota hiyo haimfai Mkristo aliyekufa vitani, basi msalaba nao haumfai asiye Mkristo.

Uniruhusu niseme ninavyoona mimi. Nadhani matokeo yalikuwa sahihi, kwa sababu kuupeleka mtambo wa kubomolea kwenye ukumbusho wa marehemu 49 kungeacha donda kubwa kuliko lile lililotafutiwa dawa. Lakini njia iliyopitwa kufika hapo inapaswa kumsumbua Mkristo kuliko inavyokusumbua wewe. Msalaba umeokolewa kwa kuambiwa kwamba umezeeka, umezoeleka, na kwamba miaka imeuchanganyia maana nyingine za kiraia. Katika kesi nzima, aliyesimama na kusisitiza kwamba msalaba bado unasema kile ambacho makanisa hukihubiri kila Ijumaa Kuu, wala haufanani na alama nyingine yoyote, alikuwa jaji Myahudi aliyetaka uondolewe. Nilishangaa kuona waumini wengi wakishangilia siku ile bila kuisoma bei ya ushindi wao. Roger Williams, nadhani, angeisoma.

Kuhusu wewe mwenyewe: hukumu hii haikulazimishi kuupenda msalaba huo, wala haisemi kwamba ninyi mnaopita hapo kila asubuhi bila kuuona kuwa wenu ni wakazi wa daraja la pili. Jaji Neil Gorsuch alitaka kwenda mbali zaidi na kusema kwamba mtu aliyeudhika kwa kuona tu hana haki hata ya kufungua kesi, lakini katika hilo aliungwa mkono na Jaji Clarence Thomas peke yake. Hata hivyo, hukumu ilijengwa juu ya umri wa msalaba. Kaunti yako ikitaka kusimamisha mwingine mpya kesho, hoja ya miaka 94 haitakuwapo, na itabidi itafute nyingine.

SWALI: Ninasoma sheria Nairobi. Mhadhiri wetu alitaja kwamba mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu Amri Kumi mahali pamoja na kuzikataza mahali pengine, siku moja, tena kwa kura zilezile 5 kwa 4. Darasa lilicheka. Je, hii ni sheria au ni kamari?

JIBU: Mhadhiri wako hakuwatania. Ilikuwa tarehe 27 Juni 2005. Iliyoruhusiwa ni jiwe la urefu wa futi 6 lililopo kwenye uwanja wa jengo la bunge la Texas mjini Austin, na lililokatazwa ni andiko la Amri Kumi lililotundikwa ndani ya mahakama za kaunti mbili za Kentucky. Majaji wanane hawakuona tofauti yoyote kati ya kesi hizo: wanne waliruhusu zote mbili, wanne walikataza zote mbili. Aliyeona tofauti ni mmoja, Jaji Stephen Breyer, na kura yake ndiyo iliyoamua zote mbili.

Kabla hujacheka naye, tazama alichokitazama. Jiwe la Texas lilitolewa zawadi mwaka 1961 na chama cha kijamii kiitwacho Fraternal Order of Eagles, likawekwa kwenye uwanja wa ekari 22 wenye minara 17 na vibao 21 vya historia, na kwa miaka 40 hakuna aliyelalamika mahakamani. Aliyelalamika hatimaye alikuwa mwanasheria asiye na makazi, ambaye alikuwa akilipita jiwe hilo kila alipokwenda kujisomea katika maktaba ya sheria iliyo humo uwanjani. Kule Kentucky, kwa upande mwingine, maandiko yalitundikwa mwaka 1999 peke yake ukutani, mahali ambapo mshtakiwa anakuja kuhukumiwa, na baada ya kushtakiwa viongozi wa kaunti waliongeza nyaraka nyingine kuyazunguka mara mbili, kila mara wakijaribu kuupaka rangi ya historia uamuzi ambao nia yake ya kwanza ilikuwa imekwisha kujulikana. Breyer aliona kwamba la kwanza lilikuwa limezoeleka bila kuwagawa watu, na la pili lilianza kwa kuwagawa. Hiyo ni busara ya mzee wa baraza zaidi kuliko kanuni ya kitabu, nakubali. Ila usiseme haina sababu.

Kipimo ambacho pengine mmefundishwa, kile cha mwaka 1971 chenye masharti matatu juu ya nia ya serikali, athari ya tendo lake na kujiingiza kwake katika mambo ya dini, mwaka 2022 Mahakama ilitamka kwamba imekwisha kukiacha, katika kesi ya kocha wa mpira aliyesali uwanjani baada ya mechi. Sasa majaji wanauliza historia na desturi zinasemaje. Usikitaje kwenye mtihani kama kwamba bado kinatumika.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa mjini Morogoro. Wazee wa kanisa moja wamejitolea kujenga sanamu ya kidini kwenye kipilefti kilichoachwa na magugu, kwa gharama zao, na wenzetu wa msikiti ulio jirani wanasema wakikubaliwa hao, na wao wataomba mnara wenye aya. Kijana mmoja alituletea habari za kesi za Marekani. Zinatuhusu?

JIBU: Hukumu za Marekani hazimfungi mtu yeyote Morogoro. Kinachowafunga ni Katiba ya mwaka 1977, ambayo katika ibara ya 3 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na katika ibara ya 19 inaifanya kazi ya kutangaza dini na kufanya ibada kuwa huru na ya hiari ya mtu binafsi, na kuziweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Isomeni ibara ya 19 yote, kwa sababu wengi huishia kwenye neno "huru" na kuisahau nusu ya pili. Isiyokuwa na dini ni serikali. Wananchi wanazo, na Katiba haiwaombi wazifiche.

Hata hivyo, kijana wenu hakukosea kabisa, kwani kuna kesi mbili za huko zinazofundisha jambo ambalo kamati yenu italiona kwa macho. Katika mji wa Pleasant Grove, Utah, bustani ya umma ilikuwa na jiwe la Amri Kumi lililotolewa zawadi mwaka 1971. Dini ndogo iitwayo Summum ikaomba kuweka jiwe la mafundisho yake. Mji ulikataa, na mwaka 2009 majaji wote wa Mahakama ya Juu wakakubaliana na mji: mnara wa kudumu katika bustani ya umma ni kauli ya serikali yenyewe, hata kama umetolewa bure, na serikali hailazimishwi kuitamka kauli ya kila anayeomba. Boston ilikuwa kinyume. Mji huo ulikuwa ukiwaachia wananchi mlingoti mmoja mbele ya ofisi zake wapandishe bendera zao, na ulikuwa umekubali mara 284 bila kukataa hata moja, hadi mwaka 2017 ulipoikataa bendera ya Kikristo. Mwaka 2022 mji ulishindwa kwa kura 9 kwa sifuri, kwa sababu ulikwisha kuufanya mlingoti ule kuwa wa kila mtu.

Maana yake kwenu, kwa lugha ya barazani, ni kwamba sanamu haina jina la mtoaji tu. Mkiipokea kwenye kipilefti, anayeongea ni mtaa, na jirani wa msikiti ana haki ya kuuliza kwa nini mtaa umeongea kwa sauti ya upande mmoja. Mkisema kipilefti ni cha yeyote anayetaka, jiandaeni kuwapokea wote, na kipilefti ni kidogo.

Tunayo mfano wetu wa zamani, na uko karibu kuliko Utah. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927, miaka miwili tu baada ya msalaba wa Bladensburg, kwa ajili ya vita ileile. Waliokumbukwa ni askari na wapagazi, miongoni mwao Waislamu, Wakristo na watu wa dini za jadi, na aliyewekwa juu ni askari mmoja mwenye bunduki iliyoelekezwa mbele, na chini yake maandishi ya Kiingereza na Kiswahili. Waliomsimamisha walikuwa wakoloni, na simtaji ili kuwasifu. Aliyekuwapo mahali hapo kabla yake alikuwa sanamu ya gavana wa Kijerumani. Lakini karibu miaka mia imepita, daladala na magari yanamzunguka kila siku, na sijapata kusikia mtu wa dini yoyote akisema askari yule si wake.

Kama wazee wa kanisa wanataka sanamu, uwanja wa kanisa ni wao na hakuna wa kuwazuia, hata kama inaonekana kutoka barabarani. Kama wanachotaka ni kukifyeka kipilefti, wapeni majembe na waombeni wa msikiti walete miche. Na kabla hamjapiga kura, waulizeni pande zote mbili swali moja ambalo Maryland haikuulizwa mwaka 1961: zege likianza kupasuka, wao wakiwa wamezeeka au wamehama, bili ya fundi itapelekwa kwa nani.